Nyusi za Mwalimu na Chupa ya Kifuniko Chekundu

3 Machi

Mwanangu,

Sisi wazima. Natanguliza hilo kwa sababu najua ukiona mwandiko wangu moyo unakupasuka kabla hujafungua bahasha. Mgongo wangu unauma palepale unapouma siku zote. Kiti changu cha kunyolea kimeanza kulia kila akikaa mteja mnene. Paka wa jirani amezalia kwenye sanduku la taulo, kwa hiyo wiki hii nakausha watu kwa gazeti, na mmoja ameondoka hapa na habari za michezo shingoni. Chiriku wako anakula, anaoga akikumbushwa mara tatu, na anakusalimu. Alitaka kukuandikia mwenyewe. Akaandika "Mama", kisha akaona nzi.

Karatasi ya maagizo uliyoniachia nimeisoma mara mbili, na kwa mtu aliyeishia darasa la nne hiyo ni kazi ya wiki. Nimeelewa hivi, nisahihishe. Chupa ya kifuniko cheupe ni ya ile bipola yake, yaani kuzuia hisia zisipande hadi paani wala zisishuke hadi mvunguni. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, bila kuruka. Chupa ya kifuniko chekundu ni ya umakini, ya kumfanya akae amalize alichoanza. Nyekundu isifunguliwe mpaka ile karatasi ya namba ionyeshe wiki nane za nne, tano na sita. Nimeibandika kwenye kioo cha duka. Tano ni katikati, kumi ni paani, moja ni mvunguni. Kila jioni anajipa namba mwenyewe, nami nashuhudia kama hakimu.

Sasa, hapo ndipo ninapokwama. Mwalimu wake wa hesabu, ambaye ni mteja wangu wa kila Jumamosi, anasema Chiriku husimama mara kumi na moja katika kipindi kimoja. Amehesabu, maana ndiyo kazi yake. "Mzee," ananiambia na povu mdomoni, "dawa ya kumtuliza iko hapo rafuni inakaa na poda, na mtoto anafeli. Mnangoja nini?" Mimi mwenyewe bado namnyoa kwa awamu, upande wa kulia Jumamosi, wa kushoto Jumapili, kwa kuwa hajawahi kunikalia kitini hadi pande zote mbili ziishe. Wenzake wanadhani ni mtindo. Wawili wamekuja kuuomba.

Kwa hiyo nauliza kitu kimoja tu. Kama kinachomfelisha ni umakini, kwa nini dawa ya umakini ndiyo ikae nyuma ya foleni?

Ni mimi baba yako, kinyozi wa vichwa vilivyotulia.


24 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako imeletwa na lori la vifaa ndani ya gunia la vitunguu, kwa hiyo nimelia kabla sijaifungua. Hapa kambini sijambo. Barabara wanayoijenga inasogea, na kila ikisogea nasi tunahamisha jiko. Napikia watu mia moja na ishirini, na kila mmoja wao anajua kupika kuliko mimi. Mkataba umebakiza miezi sita. Simu haishiki, usijaribu kupanda juu ya paa kunipigia kama mara ile.

Swali lako ni zuri, Baba, na ndilo linalonitia hofu. Unakumbuka mwaka jana? Daktari wa kwanza aliona mtoto asiyetulia, akampa nyekundu peke yake. Siku nne hakufumba jicho. Aliosha viatu vya wapangaji wote, hata vya ngozi, akamwambia mwenye nyumba atamnunulia mtaa. Siku ya kwanza tulicheka, na wewe ndiye uliyecheka zaidi. Siku ya nne alikuwa anatetemeka, amenishika shingo, ananiomba nimzime.

Yule daktari wa sasa, unayemwita Mama Taratibu, alinieleza polepole kama anavyoeleza kila kitu. Dawa ya umakini si sumu. Wapo watoto wenye matatizo yote mawili na huwasaidia. Lakini lazima hisia zitulie kwanza kwa ile nyeupe. Zikishatulia, nyekundu inaingia nusu kidonge, tunamtazama, tunaandika, na akianza kupanda tunaiacha. Ukianza na nyekundu, unamkazia mwendo mtoto ambaye breki hazijafungwa.

Mwambie mwalimu anyolewe kimya. Na wewe usiguse kifuniko chekundu. Nakujua, Baba.

Binti yako.


15 Aprili

Mwanangu mwenye kunijua,

Salamu zako zimefika. Paka amehama na watoto wake, taulo zimerudi, ila sasa wateja wanajikuna. Jirani wa duka la vitambaa amepata mjukuu, kichwa kikubwa, namsubiri akue anipe kazi.

Mimi niliugua kidogo. Tumbo. Siku tatu kitandani, jirani akatuletea chakula, sasa limekwisha, tusiliongelee tumbo la mzee kana kwamba ni habari.

Chiriku hajambo. Karatasi yenye namba zake imo humu ndani, kiooni nimebandika mpya. Utaona ni tano, tano, nne, tano, mambo shwari, halafu kuna siku chache amechangamka kidogo. Aligawa vitana vyangu vyote kumi na vinane kwa wapita njia, akawaambia ni zawadi ya serikali. Watu wakashukuru, mmoja akauliza mikasi inagawiwa lini. Vitana vitatu vimerudishwa. Sasa ameshuka, yuko katikati, usijali.

Hakuna lingine. Nasema hakuna lingine.

Baba yako.


6 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini tumbo halijarudi. Huku mvua imekata njia, tulikula maharage siku tisa, na siku ya kumi msimamizi alinitazama kama mimi ndiye niliyenyesha.

Nina maswali, na naomba uyajibu kwa mpangilio, si kwa kuruka kama mjukuu wako.

Namba zile. Kuna siku tatu mfululizo mwishoni mwa Machi, tano, tano, tano. Chiriku hupinda kichwa cha tano kama ndoana. Tano hizo tatu zimesimama wima, mkia umenyooka, kama tano za mtu aliyejifunza kuandika kwa kuandika bei ya kunyoa. Kwa nini ulizijaza wewe?

Baada ya hizo tatu, kuna nane, tisa, tisa, nane. Hiyo haiitwi kuchangamka. Hiyo ni ngazi ya kwenda paani.

Chiriku naye safari hii ameniandikia ukurasa mzima. Anasema mwalimu wa hesabu alikuja shuleni hana nyusi, hata moja, na darasa zima likakaa kimya kwa mara ya kwanza. Anasema akikuuliza wewe, unafagia.

La mwisho, na ndilo lenyewe. Mama Taratibu ameniandikia. Mlipokwenda kliniki alihesabu vidonge vya chupa nyekundu. Vimepungua vitatu.

Baba, ulimpa?


17 Mei

Mwanangu,

Najibu haraka, lori linaondoka.

Sikumpa. Narudia, sikumpa, na kama kuna kitabu cha kushika nitakishika.

Vidonge huenda duka la dawa walikosea kuhesabu. Wale vijana wanahesabu huku wanaongea.

Nyusi za mwalimu ni ajali ya kazi. Zinaota. Ya kushoto imeanza.

Zile tano, mtoto alikuwa amechoka, nikamsaidia kalamu.

Mgongo unaniuma, siwezi kuandika zaidi.

Baba yako.


2 Juni

Baba,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake unavyostahili. Wewe ukisema kweli huandika kurasa nne. Ukidanganya, mgongo unauma.

Sikiliza kilichotokea. Mama Taratibu ameweka pamoja alivyoviona: vidonge vitatu vya umakini havipo, na siku hizohizo mtoto amepanda hadi tisa ilhali anakunywa dawa yake nyeupe. Kwa hesabu hiyo, nyekundu inampandisha hata hisia zikiwa zimeshikwa. Kwa hiyo ameamua nyekundu iondolewe kabisa, mwaka mzima, labda na zaidi, na nyeupe iongezwe. Simlaumu. Nami ningeamua hivyo.

Maana yake Chiriku atarudia darasa akisimama mara kumi na moja kila kipindi, na wala si kosa lake. Ameniandikia, "Mama, kichwa changu kina watu wengi wanaoongea na mimi ndiye wa mwisho kupewa zamu." Alikuwa anahesabu wiki zilizobaki kufika nane, Baba. Yule asiyeweza kuhesabu hadi ishirini bila kuondoka alikuwa anahesabu hizo.

Nimemwandikia msimamizi naomba kuvunja mkataba. Nitakuja mwisho wa mwezi kumchukua. Sikuchukii. Ila sijui nyumba hiyo inaendaje, na mtoto huyu hawezi kukaa mahali ambapo mama yake hajui kinachoendelea.

Binti yako.


10 Juni

Mwanangu,

Leo mgongo hauumi. Kaa chini, hii ni ya kurasa nne.

Sikumpa Chiriku. Nilivimeza mimi.

Tazama mkono wangu wa kushoto siku ukija, hapa kati ya kiganja na kiwiko. Hauna unywele hata mmoja tangu nilipokuwa kijana. Aliyenifundisha kazi alinikataza kupeleka wembe mpya kwenye shingo ya mtu kabla sijaujaribu kwenye mkono wangu. Miaka arobaini na sita nimefanya hivyo. Sasa mwalimu kila Jumamosi ananisukuma, "Mpe, Mzee, mpe kimoja tu uone." Wewe unaniambia nisiguse. Nami namtazama mtoto amekaa na daftari saa nzima, ameandika tarehe tu, anajipiga paji la uso kwa kiganja. Nikajisemea, huu nao ni wembe. Sitaupeleka kwake. Lakini mkono ninao.

Ijumaa nikameza kimoja. Sikuona kitu, ila nilipanga vitana kwa idadi ya meno, nikasugua kioo nyuma, upande unaogusa ukuta. Nikasema, mbona dawa ni nzuri tu. Jumamosi asubuhi nikameza viwili, ili kuwe na uhakika. Usiniulize uhakika wa nini.

Mwalimu akaja. Nikamnyoa vizuri kuliko nilivyowahi kumnyoa binadamu. Kila unywele niliuona mmojammoja, kama vile umeniita kwa jina. Nilipomaliza nikaona unyusi wa kulia umezidi wa kushoto kidogo. Nikapunguza. Wa kushoto ukazidi. Nikapunguza.

"Mzee, unafanya nini huko juu?" akauliza, macho yamefumbwa.

"Nalinganisha."

"Unalinganisha na nini?"

"Tulia, Mwalimu. Tatizo lako hutulii."

Nikaendelea kulinganisha, mwanangu, mpaka zikalingana kabisa, kwa maana hapakuwa na kitu. Alipofumbua macho akajitazama kiooni, akajipapasa juu ya macho. Kisha akasema, "Mimi nafundisha Jumatatu." Alikunja kitambaa mwenyewe, akaondoka.

Hapo ndipo moyo ulipoanza kunikimbia, kama mtu aliyeachwa na basi. Nikafunga duka, nikalala, natazama dari na dari inanitazama. Siku ile ilikuwa moyo. Siku ya pili na ya tatu, ngoja niseme yote, moyo ulikuwa umeshatulia. Ilikuwa aibu. Nilimsikia mwalimu anagonga mlango, nikajifunika shuka hadi kichwani, mtu wa miaka sabini na moja. Tumbo nililisingizia.

Na chini ya lile shuka nilisahau kifuniko cheupe. Chupa iko rafu ya juu, mtoto hafiki. Siku tatu, asubuhi na jioni, hakupata dawa yake. Namba hakujipa kwa sababu hakimu alikuwa amejifunika. Nilipoamka nikajaza tano, tano, tano, nikashangaa kesho yake anagawa vitana. Hata hapo sikuunganisha. Nilidhani ni ukarimu.

Nilinyamaza kwa kuwa nilijua ukisikia hivi utamchukua. Nikaona bora unishuku kuliko ujue. Barua yako ya mwisho ndiyo iliyonionyesha kwamba kunyamaza kwangu ndiko kunakomchukua, tena kunamnyang'anya na dawa.

Kabla ya kuandika barua hii nimekwenda kwa Mama Taratibu, peke yangu, na chupa zote mbili mfukoni. Nilimwambia kama nilivyokwambia. Alipofika kwenye nyusi aliinamisha kichwa akaandika jambo kwa muda mrefu sana, na mabega yalikuwa yanatikisika. Kisha akaacha kucheka.

"Mzee, una presha?"

"Ninayo."

"Unajua ungeweza kufa?"

"Nilikuwa najaribu wembe."

"Mkono ule ni wako na moyo ni wako, lakini si wa mtoto," akasema. "Kitakachokutokea wewe hakiniambii lolote kuhusu yeye. Yeye ana miaka kumi na ana bipola. Wewe una miaka sabini na moja na una kiburi. Hata kama ungetulia kama maji, nisingejua kitu."

Basi, miaka arobaini na sita ya ufundi ikaishia hapo, kwenye kiti cha plastiki.

Halafu akamimina nyeupe mezani, akahesabu. Vilikuwa sita zaidi ya vinavyotakiwa. Nane, tisa, tisa, nane hazikuletwa na nyekundu. Mtoto alipanda kwa kukosa nyeupe. Akaniuliza mara tatu kwa njia tatu kama polisi, kisha akachukua faili akafuta mstari. Anasema nyeupe hataiongeza. Wiki nane zinaanza upya, na zikiisha vizuri, nusu kidonge kama mlivyopanga. Barua yake kwako imo humu ndani, usome mwandiko wake kama unaweza, mimi nimeshindwa na nina uzoefu wa mwandiko mbaya.

Uje umchukue ukitaka. Haki unayo. Lakini sasa utamchukua ukijua.

Baba yako, mjaribu nyembe mstaafu.


24 Juni

Baba,

Nimecheka hadi msaidizi wangu akaja na maji. Kisha nimekasirika hadi akarudi na maji mengine.

Ungekufa kwenye chumba kile na mtoto ndiye angekukuta. Hilo sitalicheka hata nikizeeka kama wewe.

Haya ndiyo masharti. Chupa nyekundu itakaa kwa jirani wa vitambaa. Chupa nyeupe ishuke rafu ya chini kwenye kijisanduku chenye kufuli, na ufunguo mwingine awe nao jirani huyohuyo. Ukiumwa, hata ukisingizia, unamtuma mtu kwake. Utamwomba mwalimu msamaha mbele ya wateja, si mlangoni kwa kunong'ona. Na hutaandika kamwe namba ambayo hukuiona. Siku ukikosa kuiona, acha nafasi tupu. Nafasi tupu naweza kuisoma. Tano yako ya uongo siwezi.

Barua yangu kwa msimamizi nimeirudisha kabla hajaijibu. Nabaki. Asante kwa kurasa nne.

Binti yako, ambaye bado amekasirika hadi Jumanne.


20 Septemba

Mwanangu,

Natumaini Jumanne ilipita. Sisi wazima. Jirani wa vitambaa amekuwa afisa, anatembea na ufunguo shingoni, ananiita "mgonjwa wetu". Mwalimu nilimwomba msamaha Jumamosi duka likiwa limejaa. Akasimama, akasema amenisamehe, kisha akawaeleza wote jinsi ilivyokuwa, na akaongeza chumvi. Sasa watu wanakuja kunyolewa wamefunika nyusi kwa mkono mmoja. Nyusi zimerudi, nene kuliko mwanzo, anasema nimempunguzia umri. Amemhamishia Chiriku kwenye dawati la mbele karibu na mlango, na akitaka kusimama anatumwa kufuta ubao. Ubao wa darasa lile ni msafi kuliko sahani zangu.

Wiki nane zilitimia. Kulikuwa na saba moja, ambayo Mama Taratibu aliipitisha, na nafasi tupu moja, siku niliyokwenda mazishi ya fundi viatu na kurudi nikamkuta amelala. Sikuijaza. Kalamu iliniwasha mkononi lakini sikuijaza.

Leo ni wiki ya tano ya nusu kidonge. Sitakupambia. Wiki ya kwanza alikosa hamu ya kula, daktari akasema ale kwanza, ndipo anywe. Bado anasahau viatu. Juzi alilia kwa sababu penseli ilikuwa fupi. Mama Taratibu anasema tusiite kupona, tuite kuendelea kutazama. Namba hazijavuka sita. Kusimama kumeshuka hadi mara nne kwa kipindi, takwimu za mwalimu.

Jana Jumamosi akaja mwenyewe akapanda kitini. "Babu, ninyoe." Nikaanza upande wa kulia, kama kawaida yangu. Nikamaliza, nikatoa kitambaa ili ashuke, maana ndivyo tulivyozoea. Hakushuka. Akasema, "Na huku?" Nikarudisha kitambaa. Nikanyoa na upande wa kushoto, mwanangu. Alikaa dakika ishirini nzima, kimya, anatazama ukutani nyuma yangu kupitia kioo. Kichwa kizima kwa siku moja. Wale watoto wawili wa mtindo wa nusu wamelalamika.

Amechungulia ninachoandika, anataka kuongeza neno. Nampa kalamu.

Baba yako.

Mama, Babu amesema nilikaa dakika ishirini. Ni kumi na saba. Nilikuwa naangalia saa.